Mkono Mzima wa Ahti Haverinen

Ilitangazwa kwa umma kwamba, kuanzia majira yale ya baridi, katika wilaya yetu ya afya hakuna mtu mwenye mzio atakayepita mbele ya muuguzi bila kutambuliwa, kupimwa na kuambiwa ukweli wa hali yake. Wauguzi wa vituo vyote wangefundishwa. Hofu ingeondolewa kwa maarifa. Tangazo lilisomwa redioni, kisha likabandikwa kwenye mlango wa kituo cha afya cha Hietaperä, ambako upepo ulilibandua na mtu fulani akalibandika tena, mara kadhaa, hadi tukaamini kwamba kuna anayelichukulia kwa uzito.

Ahti Haverinen alilisoma akiwa amebeba trei ya mikate. Alikohoa, akaenda zake.

Ahti alikuwa mwokaji wetu. Baba yake alioka, na babu yake, katika jengo lilelile la matofali nyuma ya kanisa: mkate mweusi wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, mgumu nje na mchachu ndani, na ile mikate mitamu ya iliki tunayoiita pulla, ambayo bila hiyo hapa kwetu hakuna kikao, mazishi wala uchaguzi. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha Hietaperä, mahali ambapo ukimsalimu jirani siku mbili mfululizo ataanza kujiuliza unataka kuazima nini.

Mambo yalianza na pua. Kila alipofungua gunia la unga alipiga chafya. Baadaye macho yakaanza kuwasha, na mwisho kifua, ambacho alfajiri kilikuwa kikipiga mluzi kama birika. Alimwambia mkewe, Hellevi, kwamba ni baridi. Lakini alijua. Chuoni, zamani, mwalimu aliwaeleza habari za waokaji ambao unga huwageuka, na daktari wa afya kazini akishajua huwatoa kwenye unga moja kwa moja. Ahti na wenzake walicheka sana siku ile.

Tanuri halikuwa na mrithi. Binti yake wa pekee alikuwa anang'oa watu meno huko Malmö, na alisema wazi kwamba asubuhi kwake huanza saa mbili. Ukimwondolea Ahti lile tanuri, angebaki mzee mtarajiwa mwenye mikono minene. Kwa hiyo alinunua vidonge vya mzio mjini Kajaani, mbali, kwa sababu mfamasia wa hapa ni binamu wa kila mtu. Akawa anameza kimoja kila asubuhi na kahawa. Chafya zikapungua. Kifua hakikupungua, lakini kifua hakionekani dukani.

Kozi ya wauguzi ilifanyika katika chumba cha mikutano cha kituo cha afya, chini ya Daktari Sandelin kutoka Helsinki, mtu mwembamba, mpole, aliyeeleza kila jambo mara mbili. Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi, na supu ya njegere ilikuwa tayari inanukia jikoni. Kila muuguzi alitakiwa amlete mtu mzima, asiye na mzio wowote, ampime ngozi mbele ya daktari. Marjukka Tolonen, mdogo wake Hellevi, alikuwa amemwandaa mkutubi. Asubuhi hiyo mkutubi aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na ulikuwa mkono uleule uliokuwa upimwe.

Hapo ndipo Ahti akaingia na trei ya pulla.

“Shemeji!” Marjukka aliita. “Weka trei, vua koti, nipe mkono.”

“Mkono wa nini?”

“Wa mtihani. Wa maktaba umevunjika.”

“Nina mikate kwenye tanuri.”

“Muongo wewe. Saa hizi tanuri lako limelala, usinichezee.”

“Mwacheni, anaogopa sindano,” alisema Raili, muuguzi wa shule, bila kuinua macho. “Mtu anatia mikono kwenye moto kila siku, leo anakimbia kitu kifupi kama mguu wa sisimizi.”

Wakacheka. Ahti alisimama na trei yake, akafikiri. Akikataa, wangeuliza kwa nini. Hapa hatuulizi, lakini wangejiuliza, na hilo ni baya zaidi. Halafu akakumbuka kidonge cha asubuhi. Kidonge kilizuia chafya, kikazuia macho kuwasha. Bila shaka kingezuia na ngozi. Angepimwa mbele ya wauguzi wa wilaya nzima, mkono ungebaki laini kama unga uliochekechwa, na maneno yangekwisha kabla hayajaanza. Alivua koti.

Marjukka alimfuta mkono kwa spiriti, akapanga matone kuanzia kwenye kiwiko: chavua ya miti, chavua ya nyasi, paka, mbwa, vumbi la nyumba. La karibu na mwisho lilikuwa la unga wa rai. Ahti alilitazama kama mtu anavyomtazama mdai wake kanisani. Shemeji yake akachoma katikati ya kila tone, mchomo mdogo tu, akafuta. Wakangoja.

Hakuna kilichovimba. Ahti alishusha pumzi, polepole, ili kifua kisipige mluzi.

Daktari Sandelin akaja, akainama. Alitazama tone la rai, akapita. Akafika kwenye tone la mwisho kabisa, akaganda.

Hili la mwisho Ahti hakuwa na habari nalo. Halikuwa la paka wala la unga. Lilikuwa la dawa ambayo ngozi ya kila binadamu aliye hai lazima iivimbie, awe na mzio au asiwe nao. Huwekwa ili kujua kama kipimo kinasema kweli. Kwa Ahti halikuinuka hata kidogo. Kwa mujibu wa mkono wake, Ahti alikuwa maiti mwenye afya njema.

“Umechoma juujuu mno, Marjukka,” alisema daktari kwa upole. “Nasema, juujuu mno. Rudia mkono wa pili. Tone hilo lisipoinuka tena, itabidi urudie kozi Oulu majira ya kuchipua.”

“Nimechoma sawasawa, daktari.”

“Rudia tu.”

Alirudia. Safari hii alichoma mpaka Ahti akakunja uso. Vijiko vilitulia kwenye vikombe. Wote walikuwa wamefundishwa Jumatatu, mara mbili, kwamba tone hilo likilala, ama mkono wa muuguzi ni mbaya, ama mgonjwa amemeza kidonge cha mzio.

Tone lililala.

“Bwana Haverinen,” daktari aliuliza, “kuna dawa yoyote umetumia? Kidonge cha mafua, cha mzio, chochote?”

Ahti alitazama dirishani. Nje theluji ilikuwa inashuka bila haraka yoyote.

“Sijameza kitu,” alisema.

Marjukka alimtazama. Ni mwanamke aliyempangusa jasho dada yake siku ya harusi na huyu bwana, aliyekaa na Ahti kwenye mvuke wa sauna kila mkesha wa Krismasi, na ambaye mwaka huo alimsikia akikohoa humo mpaka akatoka kwenda kusimama uchi kwenye theluji. Angeweza kusema neno moja akaokoa cheti chake. Hakusema. Akakunja mkono wa nguo yake mwenyewe, akaweka tone lilelile kutoka chupa ileile, akachoma kwa sindano mpya, akaulaza mkono mezani kando ya mkono wa Ahti.

Ngozi yake ikaanza kuwa nyekundu. Halafu ikainuka, nyeupe, duara safi, kubwa kama punje ya njegere.

Mikono miwili ilikuwa mezani, mmoja umevimba, mwingine laini. Hakuna aliyehitaji maelezo, hata mara moja. Raili alikuwa amesimama nyuma na kikombe chake. Alifungua mdomo. Tulisikia baadaye kwamba alikuwa na la kusema.

“Kahawa inapoa,” alisema.

“Kweli, inapoa,” wakaitikia wenzake.

Daktari Sandelin alisita. Kisha alieleza kwamba Marjukka amefaulu, na kwamba kuhusu bwana Haverinen, mtu aliyejitolea si mgonjwa, na asiye mgonjwa hapewi majibu hadharani. Akiwa na swali ajiandikishe. Alisema hivyo mara mbili. Ahti alivaa koti, akashukuru, akatoka. Pulla zililiwa zote.

Jumamosi Marjukka hakuwa zamuni. Alikwenda kwa mwokaji kama kila mtu anavyokwenda Jumamosi, ila yeye hakupanga foleni. Alizunguka mlango wa nyuma. Ahti alikuwa peke yake kwenye chumba cha unga. Hellevi alikuwa mbele, anauza.

“Unameza tangu lini?” Marjukka aliuliza.

“Mkate wako uko mbele.”

“Ahti.”

“Dada yako anajua?”

“Nakuuliza wewe.”

“Basi usimwambie.” Alijipangusa mikono kwenye aproni. “Nilikuona Alhamisi. Ungeweza kusema, hukusema. Endelea hivyohivyo.”

“Alhamisi nilinyamaza kama mpumbavu. Leo sinyamazi. Hiyo ni pumu, shemeji. Vidonge vyako vinakausha pua tu, kifuani havifanyi kitu. Siku moja utabanwa pumzi humu ndani, Hellevi yuko mbele anahesabu pulla.”

“Nikitoka humu niende wapi? Nikakae na nani?”

“Ukakae na mkeo! Ukapumue!”

“Napumua,” alisema Ahti. “Tazama.”

Tangu Alhamisi hakuwa amemeza vidonge, maana vilimtia aibu. Alishika gunia la unga wa rai, akalinyanyua mpaka begani kama kijana, akalimimina lote ndani ya pipa kwa mkupuo mmoja. Wingu la kijivu lilipanda hadi dari. Alisimama katikati yake akimtazama shemeji yake, kifua mbele.

Kwanza alikohoa. Halafu akakohoa bila kupata nafasi ya kuvuta. Mluzi ulianza, mwembamba, ukapanda, kisha ukawa hausikiki, na hapo ndipo Marjukka alipoogopa kweli, kwa sababu walifundishwa kwamba kifua kikinyamaza hakijapona. Alimshika kwapani akamburuta nje ya wingu, akafungua mlango wa duka kwa mgongo, akamkalisha wima kwenye benchi chini ya kalenda. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

Kwenye mkoba wa Marjukka kulikuwa na pampu ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Ilikuwa ya mafunzo. Ndani haikuwa na kitu ila hewa.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Watu walitazama, kisha, kwa adabu, wakaacha kutazama.

“Nani ana pampu?” Marjukka alipiga kelele. “Pampu ya pumu! Msinikodolee macho, nauliza nani anayo!”

Hapa kwetu dukani hakupigwi kelele. Hellevi alikuwa ameshika mkate hewani. Halafu mzee Paavali wa kiwanda cha kupasulia mbao akaingiza mkono kwenye koti. Mwalimu wa muziki akafungua mkoba. Na kutoka mwisho wa foleni, akiwasukuma watu kwa viwiko, akaja Raili wa shule na pampu yake ya buluu.

“Chukua yangu, imejaa. Wima, Ahti, wima, usilale! Paavali, piga simu gari la wagonjwa, sema ni pumu, sema midomo ya buluu. Hellevi, weka huo mkate chini, mama.”

“Vuta,” alisema Marjukka. “Shikilia. Tena. Vuta, shemeji, nitakupiga.”

Alivuta. Mara za kwanza hakuna kilichoingia. Gari lilikuwa linatoka Kajaani, na barabara yote ni msitu. Walimaliza nusu nzima ya pampu ya Raili kabla mluzi haujarudi, na watu wa foleni, ambao muda wote waliuchukulia ule mluzi kuwa kelele za tanuri, walishusha pumzi pamoja walipousikia tena.

Ahti hakuoka tena. Tanuri lilizimwa juma lile, na matofali yalichukua siku nyingi kupoa. Sasa anaendesha gari la kupeleka watoto shule, na watoto wanasema anaongea zaidi ya zamani, yaani huwaambia wafunge mikanda. Mkate wetu unakuja na lori, ndani ya plastiki. Anaula bila kusema lolote, jambo ambalo kila mtu amelielewa.

Majira ya kuchipua yalipofika, ilitangazwa kwamba lengo la wilaya limefikiwa na wauguzi wote wana vyeti. Kila mmoja wao alikuwa mteja wa Ahti au alikula pulla zake kwenye kozi. Hellevi alipowauliza habari za mumewe, mmoja mmoja, walimwambia kwamba kile kikohozi walikuwa wakikijua tangu mwaka juzi.