Mnunuzi wa Kwenye Kona

Mapeasi yameiva huku Magamba, mwenzangu, na tangu nirudi kumtunza mama, harufu ya matunda hayo inanirudisha utotoni nitake nisitake.

Enzi hizo bibi, mzaa mama, alikuwa ameshaanza kupotewa na kumbukumbu. Kila kukipambazuka alijitwika tenga aende gulioni, iwe siku ya gulio au isiwe. Tukimzuia, analia kama mtoto. Basi mama akaacha kumzuia. Alimjazia tenga mapeasi, akamwacha ashike njia na ukungu wake, kisha yeye akapenya shambani na kuwahi kwenye kona ya mikaratusi, amejitanda khanga nyingine asijulikane.

"Shikamoo, bibi. Leo umetuletea nini?"

Mama aliyanunua yote kwa kifuko cha chumvi, na bibi akarudi nyumbani anaimba. Chumvi ilikuwa ileile, ikitoka jikoni na kurudi jikoni, mpaka kifuko kikachakaa.

Mimi niliona ni mchezo mtamu. Sikujua kwa nini mama akirudi alikaa kwanza bandani na mbuzi, peke yake, wala kwa nini jirani alikuja kila Ijumaa kumsuka bibi nywele ili mama alale kidogo. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," jirani alipenda kusema, huku akimfukuza mama akajinyooshe.

Bibi hayupo tena. Jirani naye hayupo, na Ijumaa haji mtu. Anayejitwika tenga sasa ni mama, na anayepenya shambani ni mimi. Nimechoka, sikufichi. Kuna asubuhi namkaripia, halafu najichukia kutwa nzima. Kila siku pale kwenye kona naomba jambo moja tu, anitambue.

Juzi nilimwamkia, nikampa chumvi. Akanitazama usoni, akanitazama tena. Kisha akainama, akachagua mapeasi mawili makubwa kuliko yote, akayafunga kwenye pindo la khanga yake.

"Haya siuzi, dada," akaniambia kwa upole, kwa Kishambaa chake kilekile cha zamani. "Namwekea binti yangu. Akitoka shule huwa na njaa sana."

Nikamtwika tenga lake tupu, naye akaharakisha kwenda nyumbani kunisubiri.