Vikombe Vyenye Kope

Fundi saa alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kibanda chake, gauni likinyonya tope, wala hakujali. Mbele ya pua yake lilikuwa gogo bovu lililoangukia kando ya mfereji, na juu ya gogo vimeota vikombe vyekundu vya uyoga, vidogo kuliko vifungo vya shati.

Alikuwa akivivizia tangu mvua zianze. Kitabu chake cha mitumba kilionyesha aina mbili zinazofanana kama mapacha: moja ukingo wake ni mtupu, nyingine ina nywele nyeusi mfano wa kope. Vikiwa vichanga vimejikunja kama ngumi, huwezi kujua kipi ni kipi. Mwanzoni, kwa papara zake, alibandua kipande cha gome akakiweka mezani chini ya taa. Kufika mchana vikombe vimesinyaa, havina sura. Akajifunza kwamba vinangojewa papo hapo vilipo.

Shida ni kuwa mumewe alishamwahidi dobi, jirani yao, kwamba gogo ni lake, akachemshie maji ya kufulia. Na siku yenyewe ndiyo leo.

"Mama, amka hapo, wateja watadhani umezirai!" Mumewe alitokea na shoka begani. Nyuma yake dobi alisukuma toroli.

"Ngoja, baba. Kidogo tu."

"Kidogo yako naijua. Saa ya mwalimu ina mwezi wa tatu inasubiri hiyo kidogo."

Dobi akaangua kicheko. "Jirani, nguo za watu zimelowekwa tangu asubuhi, na wewe umenilalia kuni!"

Fundi alibana jichoni kioo cha kukuzia, kile anachotazamia magurudumu ya saa, akasogea karibu. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya kazi yake. Kikombe kimoja kimekunjuka! Ukingoni zimesimama nywele nyeusi, zimechongoka, zimekizunguka kikombe chote.

"Zipo! Kope zipo! Njooni muone!"

"Kope za nani tena?" mumewe akauliza.

Dobi hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Alipiga magoti topeni, akaazima kioo, akachungulia. Kisha akaguta, "Ala! Mbona ndefu hivi? Mimi na wanja wangu wote sizifikii!"

"Na hivyo vingine havijafunguka," fundi alisema haraka haraka. "Sijui kama navyo ni vya kope au ni wale pacha wao. Vikipasuliwa leo sitajua kamwe."

Mumewe akainua shoka. "Haya, mmeshaona. Sogeeni."

"Shemeji, shusha hilo shoka," dobi akasema bila kuondoa jicho kwenye kioo. "Pasua kule kukavu. Huku kubichi usiguse."

"Si kuni zako hizi?"

"Zangu, ndiyo maana nasema."

Mume akazunguka upande wa pili akinung'unika, akaanza kupasua taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Lete basi kioo, jirani, zamu yangu," fundi akabembeleza.

"Subiri kwanza, kuna kingine huku chini kimeachama... Wee! Hiki hakina!"

"Hakina?" Fundi akajitupa mbele kutazama, na vichwa vyao vikagongana.