Swali la Odeta kwa Mkuu wa Kituo

Odeta, fundi cherehani wa Nyakato, alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Utotoni alimchosha katekista kwa maswali mpaka akaingizwa kwenye kwaya, mdomo upate kazi nyingine. Akaipenda kwaya, na ukubwani akaja kuiongoza.

Mwaka huu kwaya yake iliandaa tamasha la kwaya za kandokando ya ziwa, kwenye uwanja wa wazi huko Kirumba. Wageni wa Ukerewe walikuwa wameshashuka melini polisi walipolifuta asubuhi ya siku yenyewe. Kuna taarifa za kiintelijensia, walisema, basi. Wanakwaya walikasirika, lakini Odeta alitaka kujua. Akaenda kituoni na sare yake ya kwaya mwilini.

"Afande, mmesikia nini hasa?"

"Siwezi kukuambia, mama," alijibu mkuu wa kituo, mtu wa umri wa mwanawe.

"Sawa. Leo ikipita salama, tutajuaje kama mmezuia hatari, au haikuwepo kabisa?"

Mkuu alivua kofia, akaiweka mezani. "Hatutajua. Hata mimi sitajua. Ila nikiruhusu, halafu watu wafe, hapo nitajua."

Odeta alikuwa amejiandaa kukaripiwa, si kujibiwa hivyo. Aliporudi, wanakwaya walimzunguka: polisi wana haki au hawana?

"Amenijibu ukweli," akasema. "Lakini mwakani wakihofia tena, na mwaka unaofuata, tutaimba lini?"

Siku ile ilipita salama. Jumatatu akarudi kituoni na swali hilo, na mkuu alipomwona mlangoni, akamvutia kiti.