Gunia Ndani ya Kochi

Mama Makochi na wifi yake hawakuwa watu wa kusalimiana. Walianza siku kwa kurushiana maneno. Nyumba ilikuwa ya wifi, dada wa marehemu mumewe, na baraza la nyuma ndipo Mama Makochi alipoyavua makochi ya watu vitambaa vikuukuu na kuyavika vipya, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Hakuwa na pengine pa kufanyia kazi.

Asubuhi moja wifi alitokea mlangoni amekunja mkono wa gauni. Vipele vilikuwa vimejipanga mstari hadi kwenye kiwiko.

"Kunguni," alisema. "Kwenye kochi langu ulilolivika upya. Unanijazia takataka za watu hapa, wadudu wao wanahamia kwangu."

"Makochi ya watu yana miguu, wifi, lakini hayatembei."

"Kunguni wanatembea."

"Ndiyo, wametembea kutoka kwenye begi la yule mgeni wako aliyelala kwenye kochi hilo wiki nzima."

"Mgeni wangu anaoga. Wewe unanuka gundi." Wifi akashusha mkono wa gauni. "Lifungue. Wakiwa wametoka kwako, leo hii baraza langu uniachie."

"Wakiwa wa mgeni?"

"Sikusemi tena."

"Hilo hutaliweza. Utapasuka."

Jirani aliyekuja kuomba chumvi akasahau chumvi, akaegemea ukuta wa sebule. Kochi likapinduliwa. Mama Makochi aling'oa misumari kwa raha, mmoja mmoja, kama anayemng'oa mtu meno. Kwenye mishono kulikuwa na madoa meusi na mayai meupe. Kisha kitambaa kikafunguka, na kunguni wakatawanyika juu ya gunia lililoshikilia sponji.

Mkono wake ukasimama. Gunia la kochi kuukuu halitupwi. Hukung'utwa, huanikwa juani, likatandikwa kwenye kochi jingine. Ndivyo alivyofundishwa. Hili alilijua kwa kiraka chake cha uzi wa buluu. Lilitoka kwenye viti vya mteja mwenye nyumba ya kulala wageni. Kulikung'uta alilikung'uta. Kulianika kabla ya kulitia humu hakulianika, mvua ilikuwa ikinyesha, na wifi kila akipita anauliza, kochi langu lini?

Wifi alikuwa akitazama kunguni, si gunia.

"Wageni nao," alisema jirani. "Mtu anakuja na begi, kumbe kabeba ukoo mzima."

Wifi akaanza kuinamisha macho. Mama Makochi alimtazama, na hasira ikampanda, asijue anamkasirikia nani.

"Gunia ni langu," alisema. "Nimelitia mwenyewe bila kulianika. Mgeni wako hana kosa. Umefurahi?"

"Nimefurahi. Toa vitu vyako."

"Natoa. Na kochi nalitoa. Siachi kazi yangu na wadudu ndani."

"Kochi langu halitoki."

"Basi likalie."

Jirani akajibandua ukutani, akajikung'uta sketi. Wifi aliliangalia kochi, kisha akashika upande mmoja. Walilibeba wawili, likikwaruza ukuta wa ukumbini, mpaka nje ya lango. Wifi akarudi ndani, akafunga lango.

Mama Makochi alipiga magoti barabarani, akalichana gunia lote.

"Wifi. Nichemshie maji ya kuwaua hawa."

"Chemsha kwako."

"Kwangu umefunga."

Alikwisha kulichoma gunia lango lilipofunguka, na sufuria ya maji ikawekwa chini, inafuka mvuke.

"Baki nayo," wifi alisema. "Sitaki irudi ndani."