Mtamba Wangu kwa Machipukizi ya Dada

Kwetu Kyerwa ng'ombe na migomba vinalishana. Ng'ombe anakula maganda ya ndizi na magogo ya migomba, mgomba unakula samadi, sisi tunakula ndizi na kunywa maziwa. Kimoja kikiondoka, kingine hakikai muda mrefu. Hilo nililijua tangu utotoni, lakini kulijua jambo si sawa na kulala nalo njaa.

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, haukubisha hodi kwenye kibanja changu hapa Songambele. Majani yaligeuka manjano kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zikaiva kabla hazijakomaa, na ukikata shina linatoa ute wa njano kama usaha. Bwana shamba alikuja, akatazama, akasema ng'oeni yote, fukieni, ardhi ipumzike kabla ya kupanda tena, na msichukue machipukizi ovyo ovyo. Tuling'oa. Mume wangu alichimba mashimo, mimi nikakokota magogo. Kibanja alichotuachia baba mkwe, chenye migomba iliyoizidi umri ndoa yangu, kikabaki uwanja wa mpira. Tukapanda mahindi mahali pa migomba, nayo mvua ikachelewa, yakaungua. Kahawa ilikuwepo, lakini kahawa haiingii chunguni ikawapa watoto shibe. Tulikula muhogo tukashukuru, kisha tukala muhogo bila kushukuru.

Kilichobaki cha maana kilikuwa mtamba wangu. Nilimlea tangu ndama, na wakati ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Magogo ya kumlisha yalikwisha, akawa anaishi kwa majani ya kuokoteza barabarani, mbavu zinahesabika. Mume wangu alitaka tumpeleke mnadani. Nikamwambia mnadani kila mwenye njaa kapeleka ng'ombe wake, na wanunuzi wanatoa bei ya mbuzi huku wanacheka. Sikutaka. Nilikuwa nimeshakula kila kitu isipokuwa huyo.

Ndipo dada yangu akapiga simu kutoka Kimuli. Ni mkubwa wangu, tumbo moja, ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Aliniambia kwake migomba imesalimika.

"Mdogo wangu, undugu ni kufaana," alisema. "Niletee huyo mtamba, mimi malisho ninayo. Nitakupa mahindi, nitakupa maharage, na machipukizi safi ujaze kibanja chako. Ardhi yako si imeshapumzika? Watoto wako ni wanangu."

Nililia kwenye simu, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Niliona kibanja kimerudi. Niliona chungu kimejaa ndizi, ng'ombe mwingine siku moja, maisha yale yale ya zamani. Machipukizi yakishika, tumepona. Yasiposhika, hatuna ng'ombe wala ndizi. Lakini hilo la pili sikulifikiria hata kidogo.

Tulimswaga mtamba kwa miguu, mume wangu mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo ambayo sikuitumia. Tulifika jua limeinama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, waitu, ndugu yangu. Karibuni, mmechoka!"

Desturi yetu, ukifika kwa ndugu unazungushwa kibanjani kwanza. Unasifia mikungu, unaulizia ule mgomba uliopandwa mwaka fulani, ndipo unakaa. Siku hiyo kila kitu kilikuwa kimeshawekwa uani: mahindi kwenye magunia, maharage kwenye ndoo, na machipukizi lundo zima, yamekatwa majani na kumenywa mizizi, safi kama viazi vya karamu. Alisema ametupunguzia kazi. Nikainuka niende kibanjani, akanishika mkono.

"Kaa chini. Migomba haikimbii."

Nikacheka, nikakaa. Nyuma ya jiko niliona lundo la magogo limefunikwa nyasi. Nikajiambia, mwone dada yangu, ameshamwandalia mtamba wangu chakula. Moyo ukanilainika kabisa.

Mume wangu hakulainika. Miaka ile kila mtu alikuwa na tabia moja: ukipewa chipukizi, unalikata kidogo kwenye tunguu, pale chini panapoota mizizi, uone kama kuna ute au madoa. Hata la bure unakata. Aliinama, akachukua moja, akachomoa panga. Nilimdaka mkono.

"Huyu ni dada yangu," nilimwambia mbele ya watu wa nyumba ile, "si mchuuzi wa mnadani."

Alirudisha panga. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe cha uji, anatutazama. Njiani kurudi, tumekaa juu ya magunia yetu kwenye gari la mizigo, nilimnunia mume wangu kwa kuniaibisha kwetu.

Tulipanda. Yalichipua vizuri, majani yakafunguka, nikawa naamka na kwenda kuyatazama kabla sijawasha moto. Mahindi ya dada yalitusogeza. Niliwaambia majirani kwamba wenye ndugu hawafi. Wengine waliomba machipukizi nami nikawaambia subirini yaongezeke, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana ningewagawia maradhi.

Kisha jani moja likawa manjano. Nikasema ni jua. Likafuata la mgomba wa pembeni. Nilichukua panga nikakata shina, na ute ule ukatoka taratibu, kana kwamba ulikuwa ukinisubiri. Tulikata mstari mzima. Ardhi iliyokuwa imepona ikawa imerudishiwa ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe, ikabidi tuanze kuhesabu misimu ya kupumzisha upya.

Nilikwenda Kimuli peke yangu. Kibanja cha dada hakikuwepo. Palikuwa na mahindi na maharage tu, yameshafika magotini, na ng'ombe wangu amefungwa pembeni na ndama wake, wamenenepa. Dada alikuwa uani anapukuchua maharage. Sikukaa.

"Dada, ulijua?"

Aliendelea kupukuchua. Akasema, "Nilikuwa na watoto wa kulisha kama wewe. Migomba yangu ilikuwa inakufa. Nilihitaji kitu kinachopumua."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Akainua macho, amepata nguvu.

"Halafu mbona hamkukata? Si mlikuwa na macho? Mumeo alishika panga kabisa."

Hapo ndipo nilipoumia, na mpaka leo naumia hapo hapo. Uongo wa njaa ningeusamehe. Njaa ninaijua, inamfanya mtu aseme lolote. Lakini alimwona mume wangu amechomoa panga, akaniona ninamzuia. Alisimama mlangoni na kikombe chake akanitazama nikimtetea. Angekohoa tu. Angesema tu, mwache akate. Alininyamazia, kisha akanilaumu kwa kumwamini.

Niliondoka bila kuaga. Watu husema undugu ni kufaana, si kufanana. Sisi tunafanana sana. Tukikaa benchi moja kanisani wageni wanauliza kama ni mapacha.

Majirani wananiambia nisamehe. Nawaambia nimesamehe, kwa sababu ndilo jibu linalowafanya waende nyumbani kwao. Mume wangu hakuwahi kunikumbusha ule mkono niliomdaka. Wakati mwingine natamani angenikumbusha, tugombane, yaishe.

Msimu huu ardhi imeshapumzika tena. Juzi binti yangu, aliyeolewa Kiruruma, alikuja na bodaboda, mtoto mgongoni, vumbi hadi kwenye nyusi, na gunia la machipukizi limefungwa nyuma ya pikipiki. Hakuyaleta kwa kubadilishana na kitu. Aliyang'oa mwenyewe kwenye kibanja chake kwa sababu alisikia mama yake anakula ugali asubuhi na jioni.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea."

Nilimwitikia nikiwa nimeshageuka kutafuta panga. Sikumpa kiti. Nilimwaga gunia uani, nikakata tunguu la kwanza: jeupe. Nikakata la pili: jeupe. La tatu nalo jeupe, limepasuka katikati, halifai tena kupandwa.

"Mama," alisema, sauti imeshuka, "hata mimi?"

Nilimsikia. Nikakata na la nne.