Mfano Uliokunywa Maji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvuta mfano wa mtumbwi kwa mwendo wa mtumbwi wenyewe.

Nilikuwa nimeona kwenye simu video ya chuo kikuu cha ng'ambo: kidimbwi chembamba, kirefu kama barabara, na meli ndogo ikivutwa juu ya mawimbi yanayotengenezwa na ubao unaosukumwa mbele na nyuma. Niliitazama hadi nikaikariri. Kisha nikachimba mfereji nyuma ya nyumba yetu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikautandika turubai, na gurudumu la baiskeli likawa la kuzungusha kamba ya kuvutia.

Baba mdogo alikuwa akimalizia mtumbwi wake wa kwanza tangu tukimbie Kivu ya Kusini. Kule ziwani alijulikana kwa kazi hiyo. Huku alikuwa mkulima wa mihogo tu. Mteja, mfanyabiashara wa Misiera, alitaka kuvushia mahindi katika ziwa la huku. Jumamosi baba mdogo angeuonjesha mtumbwi maji kama walivyofanya kwao: unajazwa magunia ya mchanga mbichi, na fundi mwenyewe anakaa mbele kabisa.

Nilichonga mfano wake, mdogo mara kumi na sita. Mawimbi niliyatengeneza kwa ubao, nikayapima kwa rula. Nikauvuta kwa mwendo wa wapiga kasia. Pua ikazama, ukajaa maji. Nilirudia mara kumi na tisa, maana mimi nisiporudia silali. Namba ya mwendo sikuigusa hata mara moja.

Ijumaa nikamwambia, tena mbele ya mteja wake.

"Mutumbwi yako ya kuchezea imekunywa maji," baba mdogo akacheka, "njo sababu unataka nikate ile yangu?"

"Pua iko chini sana, baba mudogo. Nimepima."

Mteja hakucheka. "Kama mutoto wa kwako anasema itazama, mahindi yangu siweki humo."

Jumamosi baba mdogo hakwenda ziwani. Alibandua mbao za pua ili aziinue, na mbili zikapasuka hadi katikati. Mbao ndefu za namna ile hakupata tena, na mteja akanunua mtumbwi kwingine. Mimi nilisimama pale nikimshikia misumari, nikijiona nimeokoa watu.

Miezi kadhaa baadaye nilipeleka daftari langu Mbarara, kwa mwalimu wa chuo anayeishi Nyamitanga. Nilitaka anisifu, sitaficha. Alisoma kurasa zote, akasifu mawimbi, kisha akauliza, "Wewe kijana, ulivuta na sipidi gani?"

Nikamwambia.

"Hapo ndio uliharibu. Kama mfano ni mdogo mara kumi na sita, sipidi unagawa kwa nne, kipeuo cha pili cha kumi na sita. Hii yako ni kama mtumbwi mkubwa kukimbia mara nne. Hata mzuri utazama."

Nilirudi nikavuta upya, polepole. Mfano ulipanda kila wimbi. Ndani halikuingia hata tone.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu nzima. Nilijiambia natafuta maneno sahihi, lakini nilikuwa naogopa tu. Nilipomwambia, baba mdogo alikuwa anamenya mihogo, na hakuacha.

"Kwa hiyo mutumbwi yangu ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri."

"Nilijua." Akamenya mwingine. "Nilijua, na nikakata. Sababu wewe ulikuwa na daftari."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Mtumbwi ule bado uko kando ya nyumba, hauna pua, kuku hutagia ndani yake. Siku hizi hashiki tena tezo la kuchongea.

Mimi sasa nagawa kwa nne. Mafundi wawili wa ziwani huniletea vipimo vya mitumbwi yao, na jibu nampa fundi peke yake, mteja akiwa hayupo. Nikiona kasoro, nasema nimeiona kwenye mfano, si kwenye mtumbwi. Kisha siku ya magunia ya mchanga nakaa mbele, karibu na fundi, na neno la mwisho ni lake.