Kiwanda Si Nchi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nikiwa ughaibuni ndani ya koti nililonunua soko la Mchikichini, mtumba uliorudi kwao mgongoni mwangu. Msimamizi alitukusanya akatuambia kiwanda kinafungwa. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Shule niliiacha darasa la sita. Ufundi niliupata kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, na udadisi ndio ulionivusha mipaka. Kibali changu cha kazi kilikuwa na jina la kiwanda kile. Nilikuwa nimekaa miaka minne, umebaki mmoja tu niruhusiwe kuomba ukaazi wa kudumu.

Unajua nilifanya nini? Niliaga. Tumelelewa hivyo: mtu haondoki kimya kama mwizi. Wiki mbili nzima nikazunguka mlango kwa mlango kuomba radhi, hata kwa watu nisiowajua vizuri, na sufuria yangu ya ubwabwa nikamwachia jirani. Kisha nikampigia simu shangazi Mwanaidi, aliyenilea Magomeni. Alikuwa Kariakoo, kwenye baraza la duka analouzia khanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona sauti ya matanga?"

"Kiwanda kimefungwa. Narudi."

"Kwani kiwanda ndiyo nchi?"

Nikaanza kumweleza habari za kibali.

"Nakuuliza wewe! Huyu Mchaga mwenye duka akinitoa barazani kwake, nahamia wapi?"

"Ng'ambo ya barabara."

"Na khanga zangu?"

"Unakunja, unatandika upya."

"Tena kabla ya chai! Sasa wewe umewauliza wenye nchi, au umejiuliza ukajijibu mwenyewe?"

Akakata simu. Nilikasirika, mwanangu, lakini hasira ile ndiyo iliyonivalisha viatu. Ofisi ya uhamiaji wakaniambia nimepoteza mwajiri, sijapoteza ruhusa. Nilikuwa na siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine wa fani yangu, na nikimpata, miaka yangu minne haipotei. Wiki mbili nilikuwa nimeshazila kwa adabu zangu.

Nikaenda kudai sufuria. Aibu ilikuwepo, niliimeza pamoja na ubwabwa. Nikapita karakana baada ya karakana, na kila walipouliza cheti nilijibu, "Nipe vyuma viwili." Siku zikiwa ukingoni, mafundi wa matrekta wakanipa. Waliugonga mshono wangu kwa nyundo, haukuachia, wakaniajiri. Mwaka uliofuata nikaomba ukaazi, nikaupata. Miaka baadaye miguu iliniwasha, kama kawaida yake, nikarudi Bongo. Lakini nilirudi kwa kupenda, mlango nimeufunga kwa mkono wangu.

Nawe uliye huko na barua ya kuachishwa kazi mfukoni, nisikilize. Kila nchi ina sheria zake, nyingine ngumu kuliko zilizonikuta mimi, na wako wanaoambiwa hapana. Basi hiyo hapana waitoe wenye kuitoa, tena kwa maandishi. Isitoke kijiweni, wala kwenye woga wako. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kaulize siku ileile. Usisaini usichokielewa. Usijifiche ukakaa bila kibali, maana anayejificha hawezi kudai chake. Na usiage kabla hujafukuzwa!

Mungu akufungulie baraza jingine kila utakapotolewa kwenye hili, na sufuria yako isitoke mkononi mwako. Amina.